Shajara ya mradi: upepo wa tairi na jinsi gari linavyokata kona

Ninachotafuta

Swali ni jepesi kulitamka: nikiongeza au kupunguza upepo, gari linabadilikaje kwenye kona, kwenye breki na kwenye maji? Majibu yanayozunguka ni mawili na yanagombana. Wapo wanaoapa kwamba tairi laini hushika lami vizuri zaidi kwa kuwa linakanyaga eneo kubwa. Wapo wanaoapa kwamba tairi gumu ndilo lenye adabu, halipepesuki. Kila upande una haki yake, ila ukiufuata hadi mwisho utaishia mtaroni. Nataka kuona mpaka wa kila mmoja uko wapi, kwa gari moja, matairi ya aina moja na geji moja.

Gari ni dogo, la milango mitano, injini mbele, linavutwa na magurudumu ya mbele. Nikiwa ndani lina takriban kilo 1,150, na asilimia 60 hivi ya uzito huo inakaa mbele. Matairi ni ya saizi 185/65 R15. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema psi 32 mbele na 30 nyuma (psi ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha shinikizo) kwa mzigo mdogo, na nyuma kinataka zaidi gari likijaa. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi naiweka kando. Hiyo ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe. Aliyelitengeneza hajui litafungwa kwenye gari gani, mbele au nyuma. Bado wapo watu wanaojaza kwa kufuata namba ile ya ubavuni, kisha wanalalamika kwamba gari linaruka kwenye kila kokoto.

Geji kwanza

Nimepima tairi moja kwa geji tatu, ya kalamu, ya mshale na ya kidijitali, baada ya gari kulala usiku kucha kivulini. Hazikukubaliana. Ya kalamu ilisoma chini ya wenzake, ya mshale ikasoma juu, na tofauti kati yao ilikaribia kabisa mabadiliko ninayotaka kuyapima. Uamuzi: ya kidijitali peke yake, mwanzo hadi mwisho. Siihitaji iwe na ukweli wa mahakamani, naihitaji isibadili kauli. Kama inadanganya kwa psi 1, basi idanganye hivyo hivyo kila asubuhi.

Jambo la pili ni maana ya tairi baridi. Ni tairi la gari lililosimama saa 3 au zaidi, au lililotembea kilomita moja au mbili tu, taratibu. Na jua nalo lina sehemu yake. Gari likikaa ubavu mmoja juani, matairi ya upande huo yanasoma juu kidogo kuliko ya kivulini ingawa hayajazunguka hata mara moja. Ukiyapunguza ili yafanane na wenzake, jua likizama umebaki na upande mmoja ulio chini.

Macho hayasaidii. Matairi ya magari madogo siku hizi ni ya radiali, aina ambayo Michelin waliichukulia hataza mwaka 1946, na ubavu wake huvimba kidogo pale chini hata upepo ukiwa sawasawa kabisa. Kulipiga tairi teke na kutikisa kichwa ni maigizo tu.

Taa ya upepo kwenye dashibodi nayo isikupe usingizi. Sheria ya Marekani inataka taa iwake upepo ukishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya kiwango cha kibandiko. Kwa tairi langu la mbele hiyo ni psi 24. Maana yake gari linaweza kutembea na 26 mbele, taa imezimika na dereva ameridhika, wakati usukani tayari umebadilika tabia. Kuna pia mifumo isiyopima upepo wenyewe. Inatumia vihisi vya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge kwenye breki, kulinganisha kasi ya magurudumu, kwa sababu tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, ambavyo ndivyo hutokea kwa miezi ya kusahau, mfumo wa namna hiyo unapata tabu kumjua mwenye kasoro.

Unyayo wa tairi

Leo sijaendesha popote. Kazi ilikuwa kuona sehemu ya tairi inayogusa lami, ambayo kwenye shajara hii nitaiita unyayo.

Hesabu ya kwanza ni ya kugawanya: uzito ulio juu ya tairi, gawanya kwa shinikizo la ndani, unapata eneo. Tairi moja la mbele limebeba kilo 345, yaani nyutoni 3,380 hivi. Psi 32 ni kilopaskali 220. Jibu ni sentimita za mraba 154. Tairi la nyuma, lenye kilo 230 na psi 30, linapata 109. Jumlisha yote manne: gari zima na dereva wake vimesimama juu ya eneo dogo kuliko karatasi moja ya A4. Kila kona, kila breki, kila kukwepa shimo kunapita hapo.

Kisha nikajaribu kwa vitendo. Nilipandisha gurudumu la mbele kwa jeki, nikalipaka rangi ya maji kwenye uso wa tairi, nikaweka ubao bapa na kadibodi chini yake, nikalishusha taratibu, nikalipandisha tena. Psi 32 imetoa unyayo wa mstatili wenye kona za mviringo, rangi imeenea karibu sawa kote. Psi 24 imetoa unyayo mrefu zaidi, lakini upana haukuongezeka, kwa sababu uso wa tairi tayari ulikuwa umegusa kutoka bega hadi bega, yaani ukingo mmoja wa uso hadi mwingine. Tena rangi imekolea mabegani na kufifia katikati. Psi 40 imegeuza picha: unyayo mfupi, katikati kumekolea, mabega yamegusa kwa aibu.

Kilichonivutia ni kwamba unyayo wa psi 24 haukukua kama hesabu ilivyotaka. Kwa kugawanya, ungefika sentimita za mraba 205. Nilipouchorea miraba na kuhesabu, ulikuwa pungufu waziwazi. Sababu ni kwamba tairi si puto. Ubavu wake una ugumu wake, na upepo unapopungua ubavu ndio unaobeba sehemu inayoongezeka ya uzito. Huo mzigo wa ubavuni unashukia mabegani, ndiyo maana rangi ilikolea huko. Kwa hiyo yule anayepunguza upepo akitarajia eneo kubwa la kushika lami anapata eneo refu kidogo lenye katikati inayogusa kivivu.

Mtu atauliza: shuleni tulifundishwa kwamba msuguano hautegemei eneo, sasa eneo la nini? Kanuni ile inafaa kwa vitu vikavu na vigumu. Mpira haitii. Unapoukandamiza zaidi, mshiko unaongezeka, ila si kwa uwiano ule ule. Kila kilo inayoongezwa inaleta mshiko mdogo kuliko iliyotangulia. Ndiyo maana unyayo uliogawana mzigo sawasawa unashika zaidi ya unyayo wenye sehemu mbili zilizobanwa sana na moja iliyoachwa wazi. Kwenye kona jambo hili linauma zaidi, kwa sababu uzito unahamia matairi ya nje na ya ndani yanabaki mepesi. Mshiko unaopotea ndani ni mkubwa kuliko unaopatikana nje.

Joto linavyoharibu hesabu

Asubuhi tairi la mbele lilisoma 32, hewa ya nje ikiwa nyuzi 20 hivi. Baada ya kuendesha kawaida barabara kuu, lilisoma 35 na kidogo. Hakuna muujiza hapo. Hewa iliyofungiwa ikipashwa joto, shinikizo lake kamili linapanda kwa uwiano na joto kamili. Neno "kamili" ndilo linalosahaulika: geji inasoma tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo lazima uongeze shinikizo la angahewa, psi 14.7, kabla ya kuzidisha. 32 inakuwa 46.7. Kutoka nyuzi 20 hadi 40 ni kutoka kelvini 293 hadi 313. Zidisha, kisha toa tena 14.7, unapata 35.2. Kwa kichwa, weka hivi: kila nyuzi 6 hivi za Selsiasi ni psi 1.

Kwa hiyo anayepima tairi la moto, akaona 35, akatoa upepo hadi 32 ili "irudi kwenye kibandiko", kesho asubuhi ana 29. Kibandiko kilishahesabu kwamba tairi litapata moto.

Mwinuko nao una mkono. Ukijaza usawa wa bahari kisha ukapanda hadi mita 2,000, angahewa ya nje imepungua kwa karibu psi 3, na geji itasoma juu kwa kiasi hicho hata kama joto halijabadilika. Hili halinihusu kwenye majaribio haya, naliandika kwa ajili ya anayeishi karibu na milima.

Kuhusu naitrojeni: hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, na inapopashwa joto inafuata kanuni ile ile. Faida ya kweli ni ukavu. Mvuke wa maji ndani ya tairi ndio unaoleta vurugu likipata moto sana, na hilo lina maana kwenye mbio za magari kuliko barabarani. Nimejaza upepo wa kawaida.

Duara, lami kavu

Hatimaye uwanjani. Eneo la lami lililofungwa, ruhusa ipo, hakuna mtu wala gari lingine. Nimepanga koni kwenye duara la nusu kipenyo mita 15. Mbinu ni kuzunguka nikiongeza mwendo taratibu hadi pua ianze kukimbilia nje, nishikilie hapo, kisha nihesabu muda wa mzunguko mmoja kamili. Muda unatosha kutoa mshiko. Mzunguko wa sekunde 9 kwenye duara hili ni mchapuko wa mita 7.3 kwa sekunde kwa sekunde, karibu robo tatu ya mvutano wa dunia. Kushuka hadi sekunde 8.8 ni 7.6. Sehemu mbili za kumi za sekunde zinaonekana kama upuuzi, kumbe ni tofauti inayofaa kuandikwa.

Matairi yote manne nimeyabadilisha pamoja, nikishika pengo la psi 2 kati ya mbele na nyuma kama kibandiko kinavyotaka. Chaki nimepaka kuanzia kwenye uso wa tairi hadi ubavuni, ili nione tairi limejikunja hadi wapi. Matairi mengi yana pembetatu ndogo begani. Kazi yake rasmi ni kukuonyesha mahali kilipo kiashirio cha kuisha kwa meno, lakini kwa kazi hii inafaa sana kama mstari wa mpaka.

Na 24 mbele: chaki imefutika hadi chini ya pembetatu. Tairi lilikuwa linatembelea ubavu wake. Usukani ulikuwa mzito na wenye kuchelewa. Unaukata, unasubiri, ndipo pua inakumbuka. Sauti nayo ilikuwa ya kuguna, si ya kulia. Muda ulikuwa mbovu. Sikuzunguka mara nyingi kwa upepo huo, na simshauri mtu ajaribu penye mwendo wa kweli, kwa sababu tairi lililolegea likisukumwa pembeni kwa nguvu linaweza kuachana na ukingo wa rimu, na hapo mazungumzo yameisha.

Na 32: chaki imefutika hadi karibu na ncha ya pembetatu. Na 36: juu yake kidogo. Muda wa hizi mbili umekaribiana kiasi kwamba siwezi kuapa ipi ni bora. Na 40: chaki ya begani imebaki, usukani umekuwa mwepesi na mkali, gari linageuka mara tu unapofikiria kugeuka. Raha tupu. Muda? Mbovu kuliko wa 32 na 36.

Hapa ndipo ule ugomvi wa mwanzo unapopata hakimu. Tairi lolote kwenye kona halielekei hasa kule rimu inakoelekea. Ubavu unajipinda, uso wa tairi unabaki nyuma kwa nyuzi chache, na ni pembe hiyo hiyo inayozaa nguvu ya kulisukuma gari ndani ya kona. Tairi lenye upepo mwingi lina ubavu mgumu, kwa hiyo nguvu inakuja kwa pembe ndogo, na dereva anahisi utii wa papo hapo. Lakini utii wa usukani na mshiko wa mwisho si kitu kimoja. Cha kwanza kinatoka ubavuni, cha pili kinatoka kwenye unyayo, na upepo ukizidi vinavutana huku na huku. Wanaosifia tairi gumu wanasifia wanachokihisi mikononi. Saa haina mikono.

Joto limethibitisha. Nimetumia kipimajoto cha sindano, kinachochomwa milimita chache ndani ya mpira, kwenye sehemu tatu za uso: bega la ndani, katikati, bega la nje. Kipimajoto cha miale kinasoma uso tu, na uso unapoa ukiwa bado unafungua mlango. Kwa psi 24 bega la nje lilikuwa la moto kuliko katikati kwa pengo kubwa. Kwa psi 40 katikati ndiko kulikoongoza. Kwa psi 32 hadi 36 bega la nje liliongoza kidogo, jambo la kawaida kwa gari la barabarani linalolala kwenye kona, na katikati ilikaa kati ya mabega mawili. Ni ujumbe ule ule wa rangi kwenye kadibodi, na ni ule ule unaosomwa miezi baadaye kwenye tairi lililoisha: limekula mabega, upepo ulikuwa mdogo, limekula katikati, ulizidi.

Mbele dhidi ya nyuma

Kama mradi huu ungekuwa na siku moja tu ya kuandikwa, ningeandika hii.

Nimeacha kubadilisha matairi yote kwa pamoja. Mbele yamebaki 32, nyuma ndiyo nimecheza nayo. Kisha kinyume chake. Mabadiliko ya psi 4 kwa matairi yote yalikuwa yanahitaji saa ili yaonekane. Mabadiliko ya psi 4 kati ya mbele na nyuma hayahitaji saa. Abiria aliyesinzia angeyagundua.

Gari hili kiasili ni la pua nzito. Ukizidisha mwendo kwenye kona, matairi ya mbele yanachoka kwanza, na gari linanyoosha njia hata ukizidi kukata usukani. Watengenezaji hupenda hivyo, kwa sababu dereva aliyeogopa huachia mafuta, na kuachia mafuta kunalirudisha gari la namna hiyo kwenye mstari. Nilipopunguza mbele hadi 26 na kuacha nyuma 30, tabia hiyo ilizidi hadi kuchosha. Nilipopandisha mbele hadi 35, pua ilichangamka na kona ikawa rahisi, bila mkia kulalamika.

Nyuma ndiko kwenye hatari, na ndiko kwenye elimu. Nilishusha nyuma hadi 24, mbele 32. Kwenye duara la mwendo mmoja hakukuwa na kitisho. Lakini kwenye kupinda kulia kisha kushoto haraka kati ya koni, mkia ulikuwa unafika baada ya gari lote kwisha kufika. Pua imeshaingia upande wa pili, nyuma bado inamalizia upande wa kwanza, na zinapokutana gari linatikisika kama limepigwa kofi. Kwa kuachia mafuta katikati ya kona mkia ulitoka nje, pole pole, kwa kuvuta.

Kisha nikapandisha nyuma hadi 42, chini ya kikomo kilichochorwa ubavuni. Ningetarajia kinyume chake, na kwa mwendo mdogo ni kweli mkia ulikuwa umenyooka na kujibu haraka. Lakini karibu na kikomo cha mshiko, kuachia mafuta kuliutoa mkia tena, safari hii ghafla, bila ile dalili ya kuvuta. Upepo mdogo nyuma na upepo mwingi nyuma vyote viwili vinautoa mkia, kwa njia mbili tofauti: mmoja kwa kulegeza ubavu, mwingine kwa kupunguza unyayo. Ndiyo maana washindani wa mashindano ya koni wenye magari ya kuvuta kwa mbele hujaza nyuma kupita kiasi kwa makusudi. Wanataka gari lizunguke. Barabarani, kwenye mvua, na mtoto kiti cha nyuma, hilo silo unalolitaka.

Mfano wa kihistoria unaonyesha uzito wa pengo hili. Chevrolet Corvair, gari la Marekani la mwaka wa modeli 1960, lilikuwa na injini nyuma na ekseli za nyuma zinazoning'inia kwa namna ambayo magurudumu yangeweza kujikunja chini ya gari kwenye kona kali. Kitabu chake cha mwenye gari kilitaka psi 15 mbele na 26 nyuma. Namba ya mbele inaonekana kama kosa la uchapaji, lakini ilikuwa ya makusudi: kuyadhoofisha matairi ya mbele ili yachoke kabla ya yale ya nyuma. Tatizo ni kwamba tofauti kubwa hivyo ilikuwa ngeni machoni pa madereva, na mtu aliyezoea kujaza magurudumu yote sawa alikuwa anaondoa kinga bila kujua. Usalama wa mwenendo wa gari ulikuwa umewekwa mikononi mwa yeyote atakayeshika bomba la upepo. Ralph Nader, mwanasheria mtetezi wa walaji, alilifanya gari hilo kuwa hoja ya kitaifa mwaka 1965, na mjadala ukaendelea miaka mingi, lakini hata ukiuacha mjadala wote pembeni, 15 kwa 26 inatosha kukuambia wahandisi walijua nini kuhusu upepo.

Lami yenye maji

Mvua imenisubirisha. Ilipokuja nimerudia duara kwa mwendo wa chini na breki za mstari ulionyooka, lakini sikujaribu kulifanya gari lielee juu ya maji. Hilo halihitaji mimi.

Mwaka 1963 Walter Horne na Robert Dreher wa NASA walitoa kanuni inayotumika hadi leo: mwendo ambao tairi huanza kuelea kabisa unafuata kipeuo cha pili cha shinikizo, yaani mzizi wake wa mraba. Kwa kilomita kwa saa, zidisha mzizi wa mraba wa psi kwa 16.7. Psi 32 inatoa kilomita 94 hivi kwa saa. Psi 24 inatoa 82. Psi 20 inatoa 75 kasoro. Kanuni ilitokana na matairi ya ndege na maji ya kutosha kufunika meno, kwa hiyo tairi la gari lenye mifereji mizuri linavuka mwendo huo, na kipara hakina cha kujitetea. Namba zenyewe siziabudu. Mwelekeo wake ndio muhimu: tairi linalazimika kuyasukuma maji yaondoke chini yake, na kinachosukuma ni shinikizo la unyayo. Upepo ukipungua, maji yanashinda mapema.

Kadibodi ilishanionyesha upande wa pili wa jambo hili. Kwenye unyayo wa psi 24, ile katikati iliyofifia ni mahali ambapo uso wa tairi umejikunja kuelekea juu, na mifereji yake imebanwa midomo. Maji yanaingia pale pasipo na uzito wa kuyakamua, na njia ya kutokea imesinyaa. Kwa hiyo ule ushauri wa kupunguza upepo wakati wa mvua "ili gari lishike" umekaa kichwa chini miguu juu. Ushauri huo unafaa mchangani, ambako unataka unyayo mrefu usiozama, na mwendo ni wa kutambaa. Lami yenye maji si mchanga.

Duara lenye maji: 32 na 36 zimeendelea kuongoza, 24 imeachwa mbali zaidi kuliko kwenye lami kavu. Tofauti ya 40 na 36 sikuweza kuiona.

Breki, kwa kifupi

Mstari ulionyooka, ABS ikifanya kazi, kutoka mwendo uleule. Kati ya 28 na 36 umbali wa kusimama umetawanyika kiasi kwamba jinsi mguu wangu ulivyokanyaga ndiyo iliyoamua zaidi ya upepo. Na 40, ABS ilitetemeka mapema na mara nyingi zaidi kwenye sehemu yenye mabonde madogo, kwa sababu tairi gumu linaruka badala ya kufuata uso wa lami, na tairi lililo hewani halina breki. Kwa lami laini kama meza, sidhani ningeiona tofauti hiyo.

Mahali nilipofika na kinachofuata

Kwa matumizi yangu, peke yangu au na abiria mmoja, nimeliacha gari na 34 mbele na 31 nyuma, baridi. Mbele imeongezwa kwa sababu ya pua nzito, nyuma imeguswa kidogo tu, na siishushi chini ya kibandiko kwa hali yoyote. Anayetaka kuiga asiige namba. Gari lenye injini nyuma litamtaka pengo la upande wa pili, kama Porsche 911 inavyotaka nyuma upepo mwingi kuliko mbele.

Napima kila mwezi, kwa sababu hewa hupenya mpira taratibu hata bila pancha, na psi 1 kwa mwezi ni hasara ya kawaida. Hali ya hewa ikibadilika ghafla napima tena.

Bado sijajaribu gari likiwa limejaa. Kibandiko kinataka nyuma kupandishwe kwa mzigo kamili, na nataka kuona kwa chaki na kadibodi kama unyayo wa nyuma wenye mzigo na upepo ulioongezwa unarudi kwenye umbo ule ule wa mstatili. Mifuko ya mchanga ipo tayari, kilo 200, itafungwa kwa mikanda ili isihame kwenye duara. Nyuma nitaanza na namba ya kibandiko ya mzigo kamili, kisha psi 3 chini yake, na nitapima joto la mabega kabla ya kuangalia saa.